Mafuta Gani kwa Motere Ndogo?

Neno letu "mafuta" limepewa kazi nyingi kupita kiasi. Mawese ni mafuta. Ya taa ni mafuta. Mazutu ni mafuta. Hata esansi mara nyingi huitwa hivyo. Na kile kitu kizito, chenye rangi ya asali, ambacho fundi humimina katika tumbo la motere, nacho ni mafuta. Mfaransa ana jina moja kwa ya taa, jingine kwa mazutu, na jingine kwa esansi. Sisi twaongeza maneno mawili, twasema "mafuta ya motere", kisha twadhani tumekwisha kusema yote. Mwenye duka huuliza: "Motere gani?" Mteja hujibu: "Motere tu." Hapo ndipo hasara inapoanza.

Ndugu wasomaji, leo twataka kusema juu ya motere ndogo zinazopozwa kwa hewa, zisizo na maji. Toka Bunia mpaka Lubumbashi ni shida kupata mtaa usiosikia sauti yake. Ndiyo inayowasha taa za duka na kujaza umeme katika simu; ndiyo inayosukuma maji shambani, inayozungusha kinu kidogo cha mihogo, inayopasua mbao msituni. Tena mara nyingi si mali ya mtu mmoja. Akina mama ishirini wanaweza kuweka fedha kidogo kidogo mwaka mzima wapate kununua motere ya kinu. Motere hiyo ikifa, imekufa akiba ya jamaa ishirini. Waulizeni mafundi kilichoiua. Ni mara chache watakaowajibu kwamba ilikuwa mzee. Watasema: mafuta yalikuwa machache, au yalikuwa machafu, au hayakuwa yake.

Tuanze basi na sababu, kwani asiyejua sababu hununua kwa kutazama rangi ya chupa.

Mtumishi mmoja mwenye kazi mbili

Motere ya gari hupozwa kwa maji. Maji hayo huzunguka silinda, huchukua moto, hupelekwa mbele katika radieta, hupoa, kisha hurudi. Kwa hiyo moto wa gari haupandi ovyo: maji yake hukaa karibu na digri 90, ikiwa ni asubuhi au mchana, Bukavu au Kalemie. Motere ndogo haina msaada huo. Itazameni. Silinda yake ina mbavu nyembamba za chuma, na gurudumu lake zito lina mapanga yanayopepea upepo juu ya mbavu hizo. Ni hayo tu. Hewa ikiwa ya joto, au mbavu zikizibwa na unga na vumbi, kichwa cha silinda hupita digri 150 upesi sana. Nani sasa atakayeuchukua moto wa ndani, ule wa pistoni na wa mkono wake? Mafuta. Yanalainisha, na papo hapo yanapoza.

Na mtumishi huyu mwenye kazi mbili ni mdogo mno. Gari la kawaida lina mafuta kama lita 4. Motere za Honda za ukoo wa GX, zilizoanza kuuzwa mwaka 1983, zimeenea ulimwenguni pote, na viwanda vingine vimeziiga kwa wingi. Ile iitwayo GX160 hupokea karibu lita 0.6 tu: chupa mbili ndogo za soda, tena zisizojaa. Haina pampu ya mafuta, wala chujio la kuyasafisha. Chini ya mkono wa pistoni kuna kijiko kidogo cha chuma. Kila mzunguko kijiko huchovya katika mafuta na kuyarusha juu, mfano wa mtoto achezaye na maji mtoni. Grupu ya umeme iliyofanywa kwa umeme wa nchi yetu, wa herzi 50, mara nyingi hugeuka mara 3,000 kwa dakika. Basi kijiko huchota mara 50 katika sekunde moja. Lakini mafuta yakipungua hata kijiko kisiyafikie, huchota hewa, na dakika chache zatosha kuumaliza mkono wa pistoni.

Yafuata hivi: mafuta yakiwa mazito kupita kiasi, kijiko hushindwa kuyarusha vizuri asubuhi motere ingali baridi. Yakiwa mepesi kupita kiasi, yakipata moto wa mchana hupita kando ya pete za pistoni, huungua, na kuondoka kama moshi. Kuchagua mafuta ni kutafuta njia kati ya hasara hizo mbili.

(Tuseme pia kwamba ile motere ya mazutu yenye birika la maji mgongoni, inayosaga mahindi sokoni, si ya ukoo huu. Ile hupozwa kwa maji yanayochemka, na ina kanuni zake.)

Namba si nguvu

Juu ya chupa mtaona herufi SAE pamoja na namba. SAE ni chama cha mainjinia cha Marekani kilichoundwa mwaka 1905. Mwaka 1911 kilitoa mpango wake wa kwanza wa kupanga mafuta kwa uzito. Namba 30, 40 au 50 yaonyesha jinsi mafuta yanavyotiririka yakiwa na joto la digri 100: namba ikizidi, mafuta ni mazito zaidi. Wengi hudhani kwamba ni alama ya ubora, na kwamba mafuta ya 50 yana "nguvu" kuliko ya 30. Si hivyo. Kiatu cha namba 45 si bora kuliko cha namba 40. Kilicho bora ni kile kinachoenea mguu.

SAE 30 ni uzito uliozoewa na motere hizi tangu zamani, nasi twaupenda hata leo. Kampuni ya Briggs & Stratton, iliyoanzishwa Milwaukee huko Marekani mwaka 1908, huukubali mahali ambapo baridi haishuki chini ya digri 4. Ni wapi kwetu panaposhuka hivyo? Juu ya Ruwenzori, kwenye theluji, ambako hakuna anayepanda na kinu chake. Usiku wa Juni na Julai huko Lubumbashi una baridi kweli, lakini motere huwashwa jua limekwisha kutoka.

Halafu kuna mafuta ya namba mbili, kama 10W-30. Herufi W yatoka katika neno la Kiingereza lenye maana ya majira ya baridi. Mafuta hayo yakiwa baridi hutiririka kama mafuta mepesi. Yakipata moto hushika uzito wa 30. Wengine watauliza: sisi tusio na majira ya baridi ya Ulaya, yatufaa nini? Yatufaa, kwa sababu hata mafuta ya Kindu asubuhi ni baridi yakilinganishwa na mafuta yaliyokwisha kufanya kazi saa nzima. Honda hutaja 10W-30 kwa kazi za kawaida. Motere huamka upesi, na kijiko hurusha vizuri tangu mwanzo. Lakini Briggs & Stratton huonya kwamba hewa ikipita digri 27, motere zao zaweza kula mafuta hayo kuliko desturi. Onyo hilo lisitutishe. Litufanye tupime kila siku.

Kwa hiyo mtu wa Bukavu, aliye juu ya bahari kwa mita 1,500 hivi, atie 10W-30 bila wasiwasi. Mtu wa Kalemie, wa Uvira au wa Kindu, ambaye motere yake hufanya kazi saa sita mchana, twamshauri SAE 30. Na kitabu cha motere yake kikiruhusu, SAE 40 au 15W-40. Kitabu hicho kidogo kinachokuja ndani ya katoni hupotea siku ya kwanza, au hufungiwa karanga. Kihifadhiwe! Kikisema jingine kuliko sisi, fuateni kitabu.

Mtu wa milimani naye asijisifu kwamba hewa yake ya ubaridi inamlinda. Huko juu hewa ni nyepesi. Kwa kila mita 300 motere hupoteza karibu asilimia 3.5 ya nguvu zake, na kabureta iliyotengenezwa kwa nchi za chini hutoa esansi nyingi kupita hewa inayopatikana. Esansi isiyoungua huteremka kando ya pistoni, huingia tumboni, na kuyafanya mafuta kuwa maji-maji. Mafuta yake yatachoka mapema, ingawa hayakuona joto la ziwani.

Baada ya namba, tazameni herufi za API, chama cha Marekani cha mambo ya mafuta. S ni kwa motere za esansi, C ni kwa motere za mazutu. Herufi ya pili husonga mbele kadiri miaka inavyopita: SJ, SL, SM, kisha SN ya mwaka 2010, na SP ya mwaka 2020. Kwa motere ndogo ya esansi, SJ na zote zilizofuata zafaa. SA ni ya zamani sana, haina dawa ya kusafisha wala ya kuzuia kulika kwa chuma. Chupa yenye herufi hizo, au isiyo na herufi yo yote, iachwe dukani. Motere ndogo za mazutu zinazopozwa kwa hewa zatoa masizi mengi, kwa hiyo zataka herufi C, kama CF-4 au zilizofuata, na mara nyingi uzito wa 15W-40.

Je, mafuta ya tukutuku yaandikwayo 4T? Uzito ukikubaliwa na kitabu, hatuoni ubaya kuyatia katika grupu. Kinyume chake ndicho kibaya: mafuta mepesi ya gari, yaliyotengenezwa ili kupunguza esansi inayotumika, yakitiwa katika tukutuku yaweza kuutelezesha ambreyaji wake unaooga katika mafuta hayo hayo.

Vijana wetu wa shule wapendao historia wajue pia kwamba mmea wa mnyonyo, unaoota nyuma ya nyumba zetu, ulikuwa na heshima kubwa katika mambo haya. Eropleni nyingi za vita vya 1914–1918 zilikuwa na motere ya Gnome iliyopozwa kwa hewa, ambayo silinda zake zenyewe zilizunguka. Zilitiwa mafuta ya mnyonyo, kwa sababu hayayeyuki katika esansi kama mafuta ya ardhini. Jina la mafuta ya Castrol latoka katika jina la Kiingereza la mafuta hayo ya mnyonyo. Lakini asitokee mtu akajaribu nyumbani. Mafuta ya mbegu yakipata moto mkali hugeuka kuwa gundi, na motere zile zilifunguliwa na kusafishwa mara kwa mara na mafundi wengi. Mawese vivyo hivyo: yabaki jikoni.

Motere ya ziwani na motere ya msituni

Kuna ukoo wa pili, usio na mafuta tumboni. Mafuta yake huchanganywa na esansi na kuungua pamoja nayo. Ndio ukoo wa misumeno ya motere, wa mashini nyingi za kukata majani, na wa zile grupu ndogo kabisa zinazobebwa kwa mkono mmoja. Chupa zake zimeandikwa 2T. Mafuta ya 2T yasitiwe kamwe katika tumbo la motere ya 4T, wala ya 4T yasichanganywe na esansi ya msumeno.

Hapa tuna neno kwa ndugu zetu wa Tanganyika na Kivu. Motere ya mtumbwi nayo yaweza kuwa ya 2T, na mafuta yake huandikwa TC-W3. Ni mafuta mazuri. Lakini motere hiyo hupozwa na ziwa lenyewe. Haijui moto mkali. Kwa hiyo mafuta ya TC-W3 yalifanywa bila dawa za madini, ili yasiache majivu ndani ya silinda. Katika msumeno, uliopozwa kwa hewa na kufanya kazi kwa moto mkali, dawa hizo za madini ndizo zinazosafisha pistoni. Mvuvi akimgawia nduguye mpasua mbao chupa yake ya TC-W3, amempa kwa moyo mwema kitu kitakachomharibia kazi: makaa meusi hushika pete za pistoni, pete hunasa, silinda huchubuka, na msumeno hauvuti tena. Kwa motere ya hewa tafuteni herufi TC za API, pasipo W3, au alama za Wajapani, JASO FB, FC au FD. FD ndiyo isafishayo pistoni kuliko nyingine.

Kipimo nacho kina makosa yake. Kitabu kikisema 1 kwa 50, maana yake ni mililita 20 za mafuta kwa kila lita ya esansi. Kikisema 1 kwa 25, ni mililita 40. Kizibo cha chupa si kipimo, kwani vizibo havilingani. Nunueni katika duka la dawa bomba la sindano la mililita 20, bila sindano yenyewe. Bomba moja kwa lita moja, mabomba matano kwa bidoni ya lita 5, na hesabu imekwisha. Wapo wanaoongeza mafuta "kwa usalama". Wanajidanganya: mafuta yakizidi, moshi huzidi, buji huchafuka, na kwa kuwa mafuta yamechukua nafasi ya esansi, motere hupata esansi kidogo zaidi na kuungua kwa moto mkali. Tikiseni bidoni kabla ya kumimina, na mchanganyiko usikae zaidi ya mwezi.

Kabla ya kuvuta kamba

Turudi kwenye motere za 4T, kwa maana ndizo nyingi. Jambo la kwanza laonekana dogo, lakini limeua motere nyingi siku ya kununuliwa: motere mpya kwa kawaida hutoka kiwandani bila mafuta. Mtu hufungua katoni, hutia esansi, huvuta kamba, motere yaitika kwa furaha, jamaa wote wapiga makofi; muda mfupi baadaye yanyamaza. Ipimeni kwanza.

Kupima ni hivi. Motere iwe imezimwa, imesimama mahali palipo sawa, si kwenye mteremko. Fungueni kizibo chenye kijiti, kipanguseni, kirudisheni. Katika Honda za GX kijiti hicho hupimia bila kukazwa. Aina nyingine hutaka kikazwe kwanza, na kitabu ndicho kitakachosema. Mafuta yasipite alama ya juu pia, kwani yakizidi hupigwa na kijiko mpaka yakawa povu, na povu halilainishi.

Motere nyingine zina mlinzi wa umeme anayezizima, au kuzikataza kuwaka, mafuta yakipungua. Twajua desturi moja mbaya: grupu ikikataa kuwaka, kijana mwenye haraka huukata waya wa mlinzi, na tazama, yawaka! Kijana husifiwa kuwa fundi. Kwa kweli amemfukuza mlinzi aliyekuwa akipiga kelele kwamba mwizi yumo ndani.

Mafuta yakigeuka meusi msiogope. Dawa za kusafisha huokota masizi na kuyabeba. Mafuta yanayobaki meupe baada ya saa nyingi za kazi ndiyo yenye kushangaza. Ogopeni rangi ya maziwa, maana yake maji yameingia. Ogopeni pia mafuta yaliyoongezeka yenyewe na kunuka esansi: esansi imevuja kutoka kabureta hadi tumboni. Hutokea hasa robine ya esansi ikiachwa wazi usiku, au grupu ikisafirishwa imelazwa ubavu juu ya tukutuku. Yamwageni yote, tieni mapya, na kabureta itazamwe.

Lini kubadilisha? Honda husema: motere mpya, baada ya saa 20 za kazi au mwezi mmoja, kwa sababu vyuma vipya hutoa vumbi la chuma na hakuna chujio la kulishika, baadaye kila saa 100, au kila miezi 6. Tuhesabu kwa kinu cha akina mama wale. Kikifanya kazi saa 5 kwa siku, siku 6 kwa juma, ni saa 30. Saa 100 zimetimia kabla mwezi haujaisha. Katika unga na joto la mabondeni sisi twaona ni heri kubadilisha kila saa 50. Gharama yake je? Motere ya kadiri hiyo ikilemewa hula esansi kama lita moja kwa saa, au zaidi. Basi anayengojea miezi mitatu hununua esansi zaidi ya lita 300, akijisifu kwamba ameokoa lita chache za mafuta. Mafuta ya bei kubwa yaliyotengenezwa kwa kemia ni mazuri yakiwa ya kweli, lakini mafuta ya kawaida yanayobadilishwa kwa wakati huyashinda yale ya fahari yanayosahauliwa. Andikeni saa za kazi ukutani kwa chaki, kila jioni, naye mweka hazina azisome.

Myamwage mafuta motere ingali na uvuguvugu, ndipo yatoke yote pamoja na uchafu. Yakingwe katika bidoni, yasimwagwe karibu na kisima wala mtaroni. Yamejaa vumbi la chuma na sumu za moto. Yakishika ngozi miaka na miaka yaweza kuleta kansa, kwa hiyo mikono ioshwe kwa sabuni, na watoto wasiyachezee. Na chupa tupu ya mafuta mapya? Itobolewe kwa msumari kabla ya kutupwa, kizibo kivunjwe. Wanaochuja mafuta machafu na kuyauza barabarani kama mapya huzitafuta sana chupa safi zenye jina zuri.